Maswali ya Bustani: Mchicha umeungua

Swali: Shikamoo mama. Niko Mwanga, Kigoma. Nimepanda mchicha kwenye viroba uani, nikajaza mbolea ya kuku moja kwa moja kutoka bandani. Siku ya nne majani yamekauka kingoni kama yamepitiwa na moto. Ni ugonjwa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Si ugonjwa, ni mbolea mbichi. Kinyesi cha kuku kikiwa kibichi kina amonia nyingi, ile hewa kali inayowasha pua, nayo inaunguza mizizi. Hata mimi nilishaua kitalu kizima cha nyanya hivyo, na jirani akaapa nimerogwa!

Vimwage viroba hivyo. Lundika mbolea kivulini, changanya na majani makavu, nyunyizia maji hadi iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, geuza kila wiki. Baada ya miezi miwili au mitatu chota kiganjani: ikinuka udongo wa mvua, imeiva. Ikikuwasha pua, bado. Kisha debe moja la mbolea kwa madebe matatu ya udongo, na toboa viroba chini.

Na ukitaka kuongezea vichwa vya dagaa kama mbolea, usivitupie juujuu kwenye viroba. Paka wa mtaa mzima watakufukulia.