Miezi sita baada ya mnada si miezi ya kulipa malimbikizo

SWALI: Mimi na mke wangu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, katika nyumba tuliyoinunua kwa mkopo mwaka 2019. Mwaka jana nilipunguziwa zamu kazini, na sasa tuna malimbikizo ya miezi saba, karibu dola 15,000. Tumeletewa tangazo kwamba sherifu wa kaunti ataipiga nyumba mnada baada ya wiki tano. Ndugu yetu mmoja anatuambia tusihangaike, kwa kuwa sheria ya jimbo inatupa miezi sita baada ya mnada ya kumalizia malimbikizo. Bwana mwingine, tunayesali naye, anataka dola 2,500 ili azungumze na benki kwa niaba yetu. Ikishindikana, anasema, tumwandikie hati ya nyumba kwa muda, tukae kama wapangaji wake mpaka tutakapoweza kuinunua tena. Nimeshapata kazi nyingine. Tufanye nini?

JIBU: Naanza na kauli ya ndugu yenu, kwa sababu naisikia ofisini kwangu mara kwa mara, na imewapotezea nyumba watu ambao fedha za kuiokoa walikuwa nazo. Miezi sita anayoitaja ipo kweli katika sheria ya Minnesota, na kwa nyumba nyingi za kuishi ndicho kipindi cha kukomboa baada ya mnada. Kosa lake ni kudhani kwamba deni linalodaiwa katika miezi hiyo ni lile lile lililokuwa likidaiwa kabla ya mnada.

Kabla ya mnada mna haki ya kuufufua mkopo kwa kulipa marejesho yaliyokosekana, gharama za mchakato na ada ya wakili wa benki, ambayo sheria imeiwekea kikomo. Mkilipa hayo, hata kama tangazo limekwisha kutoka gazetini kwa wiki zote sita zinazotakiwa, mnada unafutwa na mkopo unaendelea kama kwamba hamkuwahi kuchelewa. Baada ya mnada hakuna tena mkopo wa kufufua. Kinachobaki ni kuikomboa nyumba kwa kulipa bei yote iliyofikiwa mnadani, pamoja na riba na pengine kodi na bima alizolipa mnunuzi. Ikiwa benki yenyewe imeinunua kwa dola 260,000, basi hizo ndizo mtakazozitafuta, wala si 15,000, na benki haitapokea kwa awamu. Nimewahi kukaa na mtu aliyekuja na malimbikizo yake yote mkononi, fedha kamili, siku 9 baada ya mnada, akiamini amewahi kwa sababu bado alikuwa na miezi mitano na ushee.

Kipindi hicho kina faida zake, ila ni faida za anayeondoka. Mnaweza kukaa ndani bila kulipa rejesho, mnaweza kuiuza nyumba kwa bei ya soko, mkalipa kiasi cha kukombolea na kubaki na salio, na mnada wa aina hii, ambao haupitii mahakamani, ukiwa na kipindi cha miezi sita, benki haiwezi kuwadai upungufu uliobaki. Kwa mtu aliyepata kazi na anayetaka kubaki, hayo hayamsaidii sana.

Linalowasaidia ninyi ni kifungu ambacho watu wachache wanakijua. Mwenye nyumba anayeishi humo anaweza kuahirisha mnada kwa miezi 5 kwa hati ya kiapo, bila kuomba ruhusa ya benki wala ya hakimu. Hati hiyo husajiliwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti, na nakala zake hupelekwa kwa sherifu na kwa mawakili wa benki, yote yakiwa yamekamilika angalau siku 15 kabla ya tarehe ya mnada. Ninyi mna wiki tano, kwa hiyo muda upo, lakini si wa kupoteza. Gharama yake ni kwamba kipindi cha kukomboa baada ya mnada hushuka kutoka miezi sita hadi wiki 5, na uahirishaji huu hutumika mara moja tu. Jumla ya muda inabaki karibu ile ile. Kinachobadilika ni kwamba miezi mitano inahamia upande ambao dola 15,000 na gharama zake bado zinatosha. Ningekuwa nashauri mtu asiye na kipato wala tumaini la kipato, ningemwambia asiiguse hati hiyo, abaki na miezi yake sita aiuze nyumba kwa utulivu.

Pamoja na hayo, pelekeni maombi ya kubadilishiwa masharti ya mkopo, na hapa mpangilio wa hatua una uzito kuliko watu wanavyofikiri. Kanuni za shirikisho, zilizoanza kutumika Januari 2014, zinaikataza kampuni inayosimamia mkopo kuendelea na mnada wakati inapima maombi yenu, mradi maombi kamili yameipata zaidi ya siku 37 kabla ya mnada. Wiki tano ni siku 35. Mmeshaukosa mpaka huo kwa siku chache. Sheria ya Minnesota ya mwaka 2013 ina mpaka mpana zaidi, unaofika hadi siku ya saba ya kazi kabla ya mnada, ila ni salama zaidi kusajili kwanza hati ya kiapo ili tarehe ya mnada isogee, kisha maombi yafike yakihesabiwa kwa tarehe mpya. Tena neno ni maombi kamili. Karatasi moja ya mshahara ikikosekana, kampuni inaweza kusema haina maombi mbele yake, huku ninyi mkiamini kwamba kwa kuwa mnaongea na benki kwa simu kila wiki, mnada umesimama. Mazungumzo ya simu hayasimamishi mnada wowote.

Sasa huyo bwana. Tangu mwaka 2004 Minnesota ina sheria mahususi kwa watu wa aina yake, nayo inamkataza kupokea hata senti kabla ya kukamilisha kila alichoahidi kwa maandishi, inamkataza kuchukua uwakili wa kisheria kutoka kwenu, na inamkataza kujipatia haki yoyote katika nyumba. Anayetaka dola 2,500 mezani kabla ya kuinua simu ameshaivunja. Kazi anayojidai kuifanya hufanywa bure na washauri wa masuala ya nyumba walioidhinishwa na wizara ya nyumba ya shirikisho. Sheria ya jimbo inailazimisha benki kuwapelekea washauri hao majina yenu na kuwaandikia ninyi barua ya kuwajulisha. Barua hiyo ilipaswa kuwafikia kabla ya tangazo. Huenda imo katika rundo la bahasha ambazo hamkuzifungua, na siwalaumu, maana sijaona familia yenye malimbikizo inayofungua bahasha za benki kwa furaha.

Pendekezo la hati ni baya kuliko la fedha. Mkimwandikia hati, nyumba inakuwa yake na deni linabaki katika majina yenu. Atapokea kodi ya nyumba kutoka kwenu, na asipoipeleka benki, mnada utafanyika vile vile, mkiwa tayari mmepoteza haki ya kuiuza na kila dola mliyoijenga humo tangu 2019. Sheria inamtaka mnunuzi wa namna hiyo athibitishe kwamba mnao uwezo wa kuinunua tena, na mkishindwa, awe amewalipa angalau asilimia 82 ya thamani ya soko. Sijakutana na hata mmoja aliyefanya hivyo kwa hiari yake. Kusali pamoja hakumpi mtu leseni, na katika jamii zetu hawa huja kwa lugha yetu hasa kwa sababu wanajua tunaaibika kumuuliza mgeni.

Wasomaji walio majimbo mengine wasichukue tarehe za Minnesota wakazitumia kwao. Texas, nyumba hupigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi, baada ya notisi ya siku 20 ya kulipa malimbikizo na nyingine ya siku 21 ya mnada, na kwa mkopo wa kawaida wa benki hakuna kipindi cha kukomboa kabisa. New York, benki hulazimika kwenda mahakamani na kukutana na mkopaji katika kikao cha usuluhishi. Waliozoea utaratibu wa Kenya, wa notisi ya miezi mitatu, ya siku 40, ya dalali ya siku 45, na zuio la mahakama linalotua asubuhi ya mnada, hawatamkuta hakimu yeyote katika mnada wa Minnesota wa kutangazwa gazetini, isipokuwa wafungue kesi wao wenyewe.

Na aliye Minnesota ambaye wiki hii amekwisha kutia saini hati ya kumwachia nyumba mtu kama bwana huyo, ahesabu siku: kwa kawaida ana siku 5 za kazi za kuuvunja mkataba kwa maandishi, na baada ya hapo atahitaji wakili, si mshauri.