Roketi Chini ya Bawa la Ndege: Tunajibu Maswali Yenu

SWALI: Ndege ikishaifikisha roketi mita 12,000 juu, si imebaki safari fupi tu kufika kwenye obiti, njia ya kuizunguka Dunia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana, na kosa hili tunakutana nalo mara nyingi. Kinachoizuia setilaiti isianguke ni kasi yake, si kimo chake. Inahitaji kama kilomita 7.8 kwa sekunde, na ndege ya abiria huchangia robo ya kilomita tu. Kinachosaidia ni wepesi wa hewa. Katika kimo hicho kanieneo (shinikizo la hewa) ni kama moja ya tano ya ile ya usawa wa bahari, hivyo mdomo wa injini hutengenezwa mpana, gesi ikatanuka vizuri na kusukuma kwa nguvu zaidi.

SWALI: Inaachiwaje bila kuigonga ndege? Na huharibika nini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Huangushwa ikiwa imezimwa. Roketi ya Pegasus, ya tani 23 hivi, hubebwa chini ya tumbo la Stargazer, ndege ya Lockheed L-1011 iliyokuwa ya abiria. Ndoano zikifunguka, roketi huporomoka sekunde tano ndipo injini iwake, ndege ikiwa imeshajitenga. Roketi nyingine, LauncherOne, ilining'inia chini ya bawa la kushoto la Boeing 747, mahali palipoundwa tangu kiwandani kubebea injini ya tano ya akiba. Rubani aliinua pua ya ndege, akaachia, kisha akakata kona kulia.

Pegasus hutumia mafuta magumu, yasiyo na pampu wala mabomba. LauncherOne ilitumia mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, na huko ndiko balaa lilikotokea. Mwezi Mei 2020 bomba la oksijeni lenye shinikizo kubwa lilipasuka sekunde chache baada ya injini kuwaka. Januari 2023, katika safari iliyoanzia Cornwall, Uingereza, chujio la mafuta la hatua ya pili (sehemu ya juu ya roketi, inayowaka baada ya ile ya kwanza) lilichomoka. Pampu ikadhoofika, injini ikakosa mafuta ya kutosha na kupata joto kupita kiasi, setilaiti 9 zikapotea. Miezi michache baadaye Virgin Orbit, kampuni yenye LauncherOne, ikafilisika.

SWALI: Basi ndege ya nini? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kuchagua mahali. Darubini ya angani ya NuSTAR ilitakiwa kuzunguka karibu kabisa na ikweta, ikiepuka mionzi iliyo kali zaidi. Roketi ikirushwa Florida au California hupoteza mafuta mengi kupinda njia hadi huko. Hivyo mwezi Juni 2012 Stargazer iliibeba, ikiwa ndani ya Pegasus, hadi Kwajalein, visiwa vya Marshall, ikaiachia juu ya Pasifiki. Data zake hupokelewa hapo hapo kwenu Malindi, katika kituo cha Waitalia. Ila Pegasus haipandishi zaidi ya kilo 450 hivi, na kwa mzigo usiochagua obiti, nafasi ndani ya roketi kubwa inayochukua setilaiti nyingi huwa nafuu zaidi.