Kaulimbiu isiyoweza kupigiwa ukelele

Msomaji wa Morogoro anauliza: neno la Kiingereza slogan lilitoka wapi, na je, kaulimbiu ni tafsiri yake halali au tumejibunia tu?

Lilitoka vitani. Waskoti wa milimani walikuwa na neno la Kigaeli sluagh-ghairm: sluagh ni jeshi, gairm ni ukelele wa kuita. Kila ukoo ulikuwa na wake, mara nyingi jina la mkuu wao au la mahali pa kukutania. Liliandikwa kwa namna nyingi, mojawapo slughorn, na hiyo ikampotosha mshairi Mwingereza Robert Browning: katika shairi lake la 1855, shujaa anaiweka mdomoni na kuipuliza kama pembe.

Sisi pembe tunayo kihalali. Mbiu ndiyo hiyo, ile ya mgambo, ikilia kuna jambo. Kauli tumeipata kwa Waarabu. Ziunganishe: kauli inayolia kama pembe. Tafsiri nzuri kuliko hii siijui, na ndiyo maana naumia nikiona inavyochezewa.

Juzi nilikaa siku mbili kwenye warsha chini ya bango lenye kaulimbiu hii: “Kuimarisha Ushirikiano Shirikishi wa Wadau Mbalimbali katika Kuleta Maendeleo Endelevu kwa Ustawi wa Jamii.” Maneno 14! Mshereheshaji alipotutaka tuitamke kwa pamoja, ukumbi ulikata pumzi kwenye “mbalimbali”. Kuimarisha: nani aimarishe? Ushirikiano shirikishi: kwani upo usioshirikisha? Wadau mbalimbali: wakulima, wavuvi au wenye posho? Na kama maendeleo ni kwa ustawi wa jamii, kuna maendeleo mengine yaliyo kwa ajili ya nini?

Sasa sikiliza: Mtu ni Afya. Ni kampeni ya Tanzania ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Silabi 5 tu. Haisemi “mtu anahitaji afya”, wala “afya ni muhimu kwa binadamu”. Inasema mtu ndiye afya. Iondoe afya, mtu hayupo. Mama aliye kisimani anaweza kumpigia jirani yake ukelele huo ng'ambo ya bonde, na jirani akausikia wote. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwapo Siasa ni Kilimo. Kenya walichukua Harambee kutoka vinywani mwa wapagazi wa pwani waliokuwa wakiinua mizigo, na ikawatosha taifa zima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, andika kaulimbiu, neno moja, ngeli ya I-ZI, bila wasiwasi. Lile bango la warsha liite mada, au azimio, au aya. Jina la kaulimbiu halistahili.