Maswali yenu: upara unaokuja polepole

Ujumbe mwingi uliofika mwezi huu unasema hivi tu: "Nywele zinaisha, nipe dawa." Umri hakuna. Zilianza lini, hakuna. Ni utosini au kwenye mapanja, kuna muwasho au hakuna, mtu hasemi. Mwenye nywele zinazopungua kidogo kidogo kwa miaka mitano na aliyeamka na kiraka cha duara kichwani hawaugui kitu kimoja, na nikiwatajia dawa moja nitakuwa nimemdhulumu mmojawao. Mimi ni mfamasia, nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi, na kila wiki naona vijana wakimaliza mshahara kwenye chupa zisizo na lebo. Leo nawajibu waliojieleza.

Nina miaka 27. Mapanja yanarudi nyuma tangu nikiwa na 22, na sasa utosi unaanza kuonekana. Baba ana nywele zake zote, ila mjomba ana upara. Nimerithi kwa mama? (Mwanza)

Kwa mama na kwa baba pia. Jini moja yenye nguvu iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume huipata kwa mama, na ndiyo maana watu humtazama mjomba. Lakini jini zinazohusika ni nyingi na zinatoka pande zote mbili, kwa hiyo kichwa cha baba yako si hakikisho la chochote.

Kinachotokea ni hiki. Testosteroni ikikutana na kimeng'enya fulani mwilini hugeuka kuwa homoni iitwayo DHT. Kwa mtu aliyerithi hali hii, vifuko vya nywele vya mbele na vya utosini huathirika na DHT, vikaanza kunywea. Unywele uliokuwa ukikua kwa miaka kadhaa kabla ya kudondoka unakua miezi tu, kila mzunguko ukitoka mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka unabaki ule unywele laini tunaouita malaika. Vifuko vya kisogoni na juu ya masikio huhimili, ndiyo maana upara wa aina hii huacha ukingo nyuma. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara huu, lakini wakipewa testosteroni, wale wenye urithi wake huanza kupoteza nywele.

Nakueleza yote haya kwa sababu moja: kifuko kilichonywea jana kinaweza kuamshwa, kilichokufa miaka kumi iliyopita hakiamki. Una miaka 27 na bado una nywele za kuokoa. Nenda kwa daktari wa ngozi mwezi huu, usisubiri kipara kikamilike ndipo uanze kutafuta dawa.

Kofia inaleta upara?

Hapana. Na kunyoa kwa wembe hakufanyi nywele zirudi nene. Nimelijibu hili mara nyingi, tafadhali lisirudi tena.

Niliugua malaria kali mwezi wa tatu. Mwezi wa sita nywele zikaanza kutoka kwa wingi kichwa kizima. Nina miaka 35. (Kigoma)

Huo si upara wa urithi. Homa kali, upasuaji au njaa ya ghafla husimamisha nywele nyingi kwa pamoja, nazo hudondoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mgonjwa ameshasahau ugonjwa. Kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi. Kula vizuri na usinunue kitu. Zisiporudi, pima damu na tezi ya shingo. Na kama zinatoka mabaka mabaka, kana kwamba zimeliwa na nondo, omba kipimo cha kaswende bila kuona haya, kwa sababu nayo huweza kutoa nywele hivyo, na inatibika.

Nilipaka minoksidili wiki tano, nywele zikazidi kudondoka. Nikaacha. Je, niliuziwa feki? Miaka 30. (Nairobi)

Yawezekana, lakini ulichokiona ndicho dawa halisi hufanya. Minoksidili husukuma nywele zilizolala zitoke ili mpya ziingie, kwa hiyo wiki za mwanzo kichwa huonekana kibaya zaidi. Hapo ndipo wengi hukimbia, na hiyo ndiyo hasara inayoniuma kuliko zote, kwa sababu mtu ametoa fedha, amevumilia sehemu ngumu, kisha ameacha karibu na kuanza kupona.

Dawa hii ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele, watengenezaji wakaifanya ya kupaka, na Marekani ikaidhinisha itumike kichwani mwaka 1988. Kwa wanaume, ile ya maji ya asilimia 5 hupakwa mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni, kwenye ngozi kavu ya kichwa. Wengi hulowesha nywele tu, dawa isiifikie ngozi. Ipe miezi minne hadi sita kabla ya kuihukumu. Piga picha kila mwezi ukiwa mahali palepale, kwa mwanga uleule, maana kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko. Ukiacha, faida yote inapotea ndani ya miezi michache, kwa hiyo usianze kama huna nia ya kuendelea.

Mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa za presha aongee na daktari kwanza. Mwenye paka nyumbani awe mwangalifu sana, dawa hii ni sumu kwao hata kwa kiasi kidogo. Na nunua kwenye famasi inayokupa risiti, si kwa mtu mwenye begi stendi. Chupa iliyokaa juani mchana kutwa sijui nani anaithubutu kichwani.

Wenzangu wa jimu wanasema sindano za testosteroni zinarudisha nywele. Nimechoma mbili. Miaka 31.

Acha. Rudi ukasome jibu la yule wa Mwanza: testosteroni ndiyo malighafi ya DHT. Unamwagia moto petroli. Tena sindano hizo huzima uzalishaji wa mbegu za kiume, na wapo vijana wanaoligundua hilo baada ya kuoa.

Daktari ameniandikia finasteridi miligramu 1. Nimesoma kwamba inaua nguvu za kiume. Nina miaka 44. (Mombasa)

Daktari wako alipaswa kukueleza kabla hujasoma mwenyewe. Finasteridi huzuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT, na hupunguza DHT ya kwenye damu kwa takriban asilimia 70. Wazo lilitokana na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1974 kuhusu familia za Jamhuri ya Dominika, ambamo wanaume waliozaliwa bila kimeng'enya hicho hawakuonekana kupata upara, na tezi dume zao zilibaki ndogo.

Kwa wengi inafanya kazi ya kuzuia upungufu usiendelee. Lakini wachache katika kila mia hupungukiwa hamu ya tendo, uume kukosa nguvu au shahawa kuwa kidogo. Mara nyingi hali hiyo hurudi sawa dawa ikiachwa, ingawa wapo waliolalamika kwamba ilidumu. Mamlaka za dawa pia zimeonya kuhusu sonona na mawazo ya kujidhuru. Ukianza kujiona mzito wa moyo bila sababu, acha kidonge na umwone daktari siku hiyohiyo. Usimeze kwa siri, mkeo ajue.

Kwa umri wako kuna jambo la pili: dawa hii hushusha kwa karibu nusu kipimo cha PSA, kile cha damu kinachotumika kuchunguza saratani ya tezi dume. Anayekupima asipojua unaitumia, atakuambia uko salama kumbe hauko. Na usichangie damu ya kuwekewa wagonjwa mpaka mwezi mmoja upite tangu kidonge cha mwisho.

Nina vipele vigumu kisogoni, nywele hazioti tena hapo. Nimepaka krimu niliyopewa na kinyozi. Miaka 29. (Dar es Salaam)

Huu si upara unaozungumzwa hapa, lakini naujibu kwa sababu naona shingo nyingi zikiharibika. Nywele zetu zimejikunja. Zikinyolewa chini kabisa, ncha hurudi ndani ya ngozi, pakavimba, pakafanya makovu, na penye kovu nywele hazirudi. Acha kunyoa kisogo kwa wembe au mashine isiyo na kitana. Nenda na mashine yako mwenyewe. Krimu za vinyozi, nyingi nilizoletewa kaunta zina kortizoni kali ambayo haikuandikwa mahali pa kuonekana, nayo ikipakwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Wataalamu wa ngozi wapo, ingawa ni wachache. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wengi wako hospitali za mikoa. Uliza hospitali yako kabla ya kumuuliza kinyozi.

Ni kweli upara ni dalili ya utajiri?

Si kweli, na imani hii imemwaga damu. Mwaka 2017, mkoa wa Zambezia huko Msumbiji, wanaume wenye upara waliuawa na polisi wakatoa tahadhari, kwa sababu watu walidanganywa kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Msiirudie hata mnapotaniana.

Nafanya kazi Muscat. Mwenzangu alikwenda Istanbul kupandikizwa nywele. Na mimi niende? Miaka 26.

Bado. Upandikizaji huhamisha vifuko vya kisogoni kuvileta mbele, na vifuko vya kisogoni vina mwisho. Ukihamisha sasa na upara ukaendelea nyuma ya zile zilizopandwa, utabaki na kisiwa cha nywele mbele. Anza na dawa mwaka mzima. Ukifika wakati wa kwenda, muulize daktari amefanya vichwa vingapi vya nywele za kipilipili, maana mizizi yetu imepinda chini ya ngozi na asiyezoea huikata. Kama una historia ya makovu yanayovimba, mwambie kabla hajashika kisu.

Mume wangu anameza finasteridi, na mimi nina mimba ya miezi mitatu. Nina hatari? (Tanga)

Mama, umeuliza vizuri. Kidonge kizima kina ganda na kukigusa hakuna neno. Usishike kilichovunjika wala kilichopondwa, kwa sababu dawa hupita kwenye ngozi na inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Kiasi kinachopita kwenye shahawa ni kidogo mno. Mumeo asikate vidonge mezani mnapolia chakula. Mweleze mkunga wako kliniki, na kikopo kikae juu, mbali na watoto.