Kwa nini polimerasi tatu, si moja?
Umeuliza kwa nini seli zetu hutumia polimerasi tatu, yaani vimeng'enya vya kujenga DNA, kunakili DNA ya kwenye kiini. Polimerasi haiwezi kuanzisha uzi mpya, hurefusha tu ulioanzishwa. Kwa hiyo polimerasi ya kwanza, alfa, hutangulia pamoja na praimasi, kimeng'enya cha kuanzisha uzi: huweka kianzio kifupi cha RNA (molekuli inayofanana na DNA), huongeza DNA kidogo, kisha huachia wengine. Afadhali iachie, maana haina uwezo wa kusahihisha makosa yake! Ya pili, epsiloni, huendeleza uzi mmoja, ule unaojengwa kwa mfululizo. Kibarua kizito ni cha ya tatu, delta: uzi wake, ule wa pili, hujengwa kuelekea kinyume na DNA inakofunguka, hivyo hutoka vipande vipande vya herufi za DNA 100 hadi 200. Vianzio vya RNA huondolewa, ndipo kimeng'enya kiitwacho ligasi huviunga vipande hivyo.