Usiandike mapishi ya mzee wako kama hujasimama naye jikoni

Mkuu, hiyo sura uliyobandika hapa ya kitabu chako cha kumbukumbu za mzee na mapishi yake, inayosema mzee wako "aliunguza sufuria makusudi ili tujue amekasirika", ifute. Au ifiche basi, naona umeitolea jasho. Umeuliza uanzie wapi, umrekodi kwa simu au la, majina ya ndugu uyabadilishe, na mchapishaji utampataje. Yote hayo yanaweza kusubiri.

Mimi niliandika kuhusu baba na chumvi. Kila nikienda kumsalimia, mchuzi umezidi chumvi kuliko mara iliyopita, naye anakula huku ananikodolea macho. Nikamwona mkaidi. Sasa kuna mwalimu wa warsha ya uandishi, aliyetutoza hela ya maana, yeye aliamini kwamba kwenye kitabu cha kumbukumbu kila chakula lazima kiwe na maana iliyofichika. Yaani chumvi haiwezi kuwa chumvi! Akanishauri niigeuze iwe uchungu wa mzee tangu mama aondoke. Nikaigeuza. Darasa likapiga makofi, kichwa kikanivimba, nikachapisha kwa hela yangu mwenyewe na kumpelekea mzee nakala. Tena nimeitia sahihi, mshamba mimi.

Aliisoma yote. Hakugomba, aliacha tu kunipikia. Nikifika naambiwa, "Chakula utajitafutia mwanangu, changu kina uchungu." Cheka tu, hata mimi nacheka, ila siku zile sikucheka. Hela ya kiwanda cha uchapaji nilishaisamehe. Kukaa mezani kwa baba nikila chakula nilichobeba mwenyewe, hilo sijalisamehe.

Baadaye dada alimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo kwa shida nyingine kabisa, ikagundulika mzee karibu hanusi kitu. Ulimi peke yake unatambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama, basi. Sehemu kubwa ya kinachobaki, tunachokiita ladha, ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Umri ukisogea uwezo huo hupungua, na wengi hawatambui kwamba umepungua. Kwa hiyo mtu anaongeza chumvi, maana ndiyo anayoisikia bado. Mzee alikuwa akinitazama usoni ajue kama mchuzi umekolea! Mimi ndiye nilikuwa ulimi wake, halafu nikamwandika kwamba ananikomoa.

Na asiyenusa, hanusi kitu kikiungua. Haya, isome tena sentensi yako ya sufuria.

Usiandike chakula chochote cha mzee kabla hujakipika naye, kisu ukishika wewe. Usimkalishe kwenye kiti umhoji; mimi nilifanya hivyo, nikapewa majibu ya mgeni rasmi. Jikoni ataonja, atakupa uonje, atakuuliza, na katikati ya vitunguu atakutajia babu yako bila kuombwa. Siku hizi mzee wangu ananiita nionje kabla hajaepua. Nakala zilizobaki ziko uvunguni, yule mwalimu akizitaka aje azibebe zote, zina maana iliyofichika.

Simu rekodi, ila iweke mbali na maji. Majina na mchapishaji, wenzangu watakuja kukujibu. Wewe niambie kwanza: mzee wako ananusa? Kama huna uhakika, mpeleke akapimwe, kwani kupoteza uwezo wa kunusa wakati mwingine ni dalili ya mapema ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, na hilo halingoji kitabu.