Usingoje Akue: Kumlea Mtoto Aliyezaliwa na Tundu kwenye Moyo

Mtoto mwenye tundu kubwa kwenye moyo mara nyingi huzaliwa akionekana mzima kabisa. Analia vizuri, uzito unaridhisha, mnaruhusiwa kurudi nyumbani. Mambo hubadilika baadaye, akikaribia mwezi mmoja au miwili. Daktari wetu alinieleza sababu yake: mtoto akizaliwa, mishipa ya mapafu inakuwa bado imebana, kwa hiyo damu haipiti kwa wingi kwenye lile tundu. Mishipa ikishalegea, damu inakimbilia mapafuni, moyo unafanya kazi kupita kiasi, na mtoto anaanza kuhema.

Tundu la binti yangu lilikuwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na hiyo ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa watoto hawa. Ameshafanyiwa upasuaji, anakimbia, anagombana na kaka yake. Ninamwandikia mzazi aliyetoka kupewa majibu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, na kurudi nyumbani kwa ndugu wanaomwambia, "Mwacheni akue kwanza, hayo matundu yanaziba yenyewe." Madogo ni kweli, mengi huziba. Makubwa hayangoji. Damu ikiendelea kusukumwa mapafuni kwa nguvu miaka na miaka, mishipa ya mapafu inakakamaa, na hufika mahali daktari anasema upasuaji hauwezekani tena. Wapo watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa hivyo, na inaniuma kila ninapofikiria kwamba walikuwa na muda.

Kwa hiyo kazi yako nyumbani ni kuangalia na kuandika. Nunua daftari.

Anza na kunyonya, maana ndiko moyo unakojionyesha mapema. Mtoto anashika titi kwa hamu, ananyonya kidogo, anaacha, anahema, kichwa kinalowa jasho hata kama hakuna joto, analala kabla ya kushiba, kisha muda si mrefu analia njaa. Watu watasema maziwa yako mepesi. Usiwasikilize. Kwa mtoto huyu kunyonya ni sawa na kupanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Sisi tulisaidika kwa kumnyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, kichwa kikiwa juu, na akionyesha kuchoka nakamua maziwa yaliyobaki, tunampa kwa kikombe kidogo. Akizidi nusu saa kwenye titi, anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Yale maziwa ya mwishoni yana mafuta zaidi, hayo usiyaache. Alipofikisha miezi sita tulimpa uji mzito wenye karanga za kusaga na mafuta kidogo, na parachichi lililopondwa. Uji mwepesi unajaza tumbo tu. Uzito upimwe kila kliniki, na uutazame mstari kwenye kadi: mstari uliolala ni habari ya kumpelekea daktari wa moyo, hata kama mtoto anacheka.

Kisha hesabu pumzi. Mtoto akiwa amelala au ametulia, mfunue tumbo, weka saa ya simu, hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Usikadirie kwa nusu dakika, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga hazina mwendo mmoja. Wahudumu wa afya hutumia vipimo hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mtoto wa moyo anaweza kuwa juu siku zote, hivyo ijue kawaida yake na umuulize daktari ikifika ngapi umpeleke. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akikataa kunyonya, au ulimi na fizi zikigeuka rangi ya bluu au kijivu, ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Angalia ulimi na fizi, kwa ngozi zetu uso unaweza kukudanganya. Na kama mwanao ana ile kasoro nyingine ya moyo inayoitwa Fallot, na anageuka bluu ghafla akilia au akiamka asubuhi, mkunje magoti yaguse kifua, mtulize, huku mnatafuta usafiri.

Jambo jingine ni nimonia. Kituo kimoja kilitupa dawa za nimonia kila tulipokwenda. Huenda kweli ilikuwa nimonia, watoto hawa huipata kwa urahisi. Lakini nimonia inayorudi rudi kwa mtoto asiyeongezeka uzito inahitaji swali: moyo wake umesikilizwa? Omba rufaa ya eko, na uombe kwa heshima bila kuchoka. Daftari lenye tarehe na hesabu za pumzi lilitusaidia sana hapo.

Na tafadhali, mtoto anayekohoa asipelekwe kukatwa kimeo. Asing'olewe "meno ya plastiki". Najua anayeshauri ni bibi au shangazi anayempenda. Kidonda cha kisu kichafu mdomoni kinaingiza vijidudu kwenye damu, na kwa mtoto mwenye moyo wenye kasoro vijidudu hivyo vinaweza kujishika moyoni penyewe. Mimi nilimwambia mama mkwe, "Mama, daktari amekataza kitu chochote kigusane na mdomo wake bila yeye kujua," tukaelewana. Kwa sababu hiyo hiyo, meno yakiota yapigwe mswaki kila siku. Chanjo zisirukwe, hasa za surua na nimonia, isipokuwa daktari wake aseme.

Dawa zetu zilikuwa furosemide, ya kupunguza maji mwilini, na captopril, ya kuupunguzia moyo mzigo, vidonge vya watu wazima vinavyokatwa na kuyeyushwa. Usikubali kuondoka dirishani na maelezo ya mdomo tu. Mwombe mfamasia apime mbele yako kwa bomba la sindano, nawe upime mbele yake. Mtoto akitapika au akiharisha, piga simu kabla ya kuendelea na dozi, maana dawa ya kupunguza maji na kuharisha kwa pamoja humkausha haraka.

Zamani habari ya upasuaji wa moyo ilikuwa habari ya India. Sasa kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, na hufanya kambi za upasuaji wa watoto pamoja na madaktari kutoka nje. Matundu mengine huzibwa kwa mrija unaopitishwa pajani, bila kufungua kifua. Gharama ikikushinda, usirudi nyumbani kimya. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukiwa na barua ya rufaa. Ndugu wa kuchangia damu waandaliwe mapema.

Baada ya upasuaji mfupa wa kifua unahitaji wiki kadhaa kuunga. Usimnyanyue kwa makwapa wala kumvuta mikono. Pitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa. Sisi tulikatazwa pia kumbeba mgongoni, na dada wa kazi, jirani, kila mtu alielekezwa.

Wifi mmoja aliniuliza nilikula nini nikiwa mjamzito. Moyo wa mtoto huumbika katika wiki nane za mwanzo, wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Kisukari kisichodhibitiwa na rubela vinaweza kuchangia, na watoto wengi wenye hali ya Down, yaani wanaozaliwa na kromosomu moja ya ziada, huzaliwa na moyo wenye kasoro, lakini kwa watoto walio wengi chanzo hakijulikani. Baba wa mtoto ndiye aliyemjibu, mbele ya watu, na ninawaomba akina baba wote wafanye hivyo.

Ukienda kliniki ijayo, uliza: tundu liko wapi, lina ukubwa gani, presha ya mapafu ikoje, eko nyingine lini, na jina la mtoto limeingia kwenye orodha ya upasuaji? Usiondoke bila tarehe.